Sufuria ya mbwa: dona, dagaa na vipimo vya kumlisha mbwa wa nyumbani

Mbwa wengi wa majumbani hula kinachobaki mezani: ukoko wa ugali, mchuzi wa jana, mifupa ya supu. Tumbo linajaa, analala, na mwenye mbwa haoni tatizo mpaka manyoya yaanze kukatika au mtoto wa mbwa apinde miguu. Ugali wenyewe hauna kosa. Mbwa ameishi na watu maelfu ya miaka, na tumbo lake linamudu vizuri wanga uliopikwa ukaiva. Kinachomuumiza ni ugali mtupu, kwa sababu una protini kidogo, mafuta kidogo na kalsiamu karibu hakuna. Yote hayo yanarekebishika kwa vitu vya soko la kawaida, mradi mpishi apime badala ya kukisia.

Vipimo vilivyopo hapa ni vya mbwa mzima wa kilo 20, mwenye afya, asiye na mimba wala asiyenyonyesha. Mwenye figo, kisukari au kongosho mbovu anahitaji mpango wa daktari wa mifugo, sio huu.

Mpime kabla ya kumpikia

Mbebe, simama kwenye mizani ya bafuni, soma. Mshushe, jipime mwenyewe, toa. Mbwa mkubwa asiyebebeka, tafuta kliniki au ghala lenye mizani ya magunia.

Uzito peke yake haukuambii kama amenenepa au amekonda, kwa hiyo mshike mbavu. Kunja ngumi upapase vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Fungua kiganja upapase nyama iliyo chini ya vidole: zikizama hivyo, amenenepa. Zikiwa kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yaani unazihisi bila kubonyeza lakini hazijachomoza, yuko sawa. Ukimtazama kwa juu aonekane kiuno. Tumia mikono zaidi ya macho, maana mwenye manyoya marefu hudanganya.

Mbwa wa kilo 20 anahitaji kilokalori 1,050 hadi 1,200 kwa siku. Aliyehasiwa, na yule anayeshinda bandani mchana kutwa, ashikie kiwango cha chini. Wa kilo 5 anahitaji kama 375 hadi 420, wa kilo 10 kama 630 hadi 700, wa kilo 30 kama 1,450 hadi 1,600. Angalia vizuri: wa kilo 10 hali nusu ya chakula cha wa kilo 20, anakula asilimia 60 yake. Wa kilo 5 anakula asilimia 35, wa kilo 30 anakula sufuria moja na theluthi. Mbwa mdogo huchoma nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili, na wanaogawanya kwa hesabu ya moja kwa moja huwakondesha wadogo na kuwanenepesha wakubwa.

Kunenepa si dalili ya matunzo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliofuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Waliolishwa robo pungufu kuliko ndugu zao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuchakaa.

Sufuria ya siku moja, mbwa wa kilo 20

– Unga wa dona, gramu 130 (mkavu, kabla ya kupika)
– Dagaa wakavu wa Mwanza, gramu 60 baada ya kuwachambua
– Nyama au mapupu, gramu 120. Ukitumia mapupu, ambayo hayana mafuta, ongeza gramu 20 za unga
– Boga, karoti au sukuma wiki iliyokatwakatwa, gramu 80
– Mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chakula
– Unga wa maganda ya mayai, robo kijiko cha chai
– Chumvi yenye madini joto, robo kijiko cha chai

Hapo unapata kilokalori 1,050 hivi na protini gramu 70, ambayo inatosha na kubaki. Gawa milo miwili, asubuhi na jioni. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama German Shepherd, usimpe mlo mmoja mkubwa wa usiku kisha ukamfungulia akimbie: tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo ni upasuaji wa dharura au kifo.

Dagaa ndio watakaokusumbua kidogo. Wale wa ziwani mara nyingi huanikwa kwenye mchanga. Wamwagie maji ya moto, waache dakika 5, uwachote kwa mikono kutoka juu bila kuinamisha bakuli ili mchanga ubaki chini. Rudia mpaka ukipitisha kidole chini ya bakuli usisikie chembe. Vichwa usivitoe. Wanaotoa vichwa ili uchungu upungue wanatupa sehemu ya kalsiamu waliyoinunua, na mbwa hajali uchungu huo. Dagaa wa baharini, wa Zanzibar na kwingineko pwani, huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao waloweke saa nzima, mwaga maji, na chumvi ya kwenye orodha usiweke kabisa. Wenye ukungu au harufu ya mafuta yaliyochacha waache dukani hata kama muuzaji anawaita dagaa wa kuku.

Katakata nyama au mapupu vipande vya ukubwa wa kidole gumba, chemsha kwenye maji kama lita moja kwa dakika 40. Weka dagaa, dakika 10 nyingine. Koroga dona kwa maji baridi pembeni, mimina, punguza moto, uendelee kukoroga dakika 20. Lengo ni bokoboko zito la kuchotwa kwa upawa, si ugali wa kukatwa kwa mkono. Wanga ambao haujaiva vizuri ndio unaoleta gesi na kinyesi laini, na watu wengi hulaumu dagaa. Mboga ziingie dakika 5 za mwisho. Mchicha unafaa mara mojamoja tu, kwa sababu una oksaleti zinazoshika kalsiamu isitumike.

Epua, acha ipoe mpaka unaweza kuweka kidole bila kuungua, ndipo uweke mafuta, chumvi na unga wa maganda. Mafuta yakichemka pamoja na chakula hupoteza vitamini E, na vitamini ya unga ya mbwa, ambayo inaelezwa chini, ikipikwa huharibika.

Kwenye friji chakula hiki hukaa siku 3. Kama huna friji, pika kila siku. Joto la Dar es Salaam au Mombasa haliachi bokoboko la nyama salama zaidi ya saa chache, kwa hiyo sehemu ya jioni ichemshwe tena mpaka itokote, kisha ipoe. Kilichobaki kwenye bakuli baada ya nusu saa kitupwe na bakuli lioshwe.

Maji safi yawepo muda wote. Mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja hivi kwa siku, na kipindi cha joto zaidi.

Kalsiamu: hapa ndipo wengi wanapokosea

Nyama tupu haina kalsiamu ya maana. Ina fosforasi zaidi ya mara 15 ya kalsiamu, wakati mwili wa mbwa unataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi, mpaka mara mbili. Ini limepita hapo kwa ubaya. Mbwa akilishwa nyama na ugali miezi kadhaa, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Kwa mbwa mzima huchukua muda kuonekana. Kwa mtoto wa mbwa ni wiki chache tu: miguu ya mbele inapinda, anasita kusimama, anachechemea, na mfupa unavunjika akiruka ngazi moja. Wenyewe husema amelogwa au amepigwa na jirani.

Dagaa wanaoliwa na miiba yao hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, ndiyo maana kwenye sufuria ya juu maganda ni robo kijiko tu. Siku ambayo huna dagaa, ongeza nyama ifike gramu 250, dona ishuke hadi 110, na maganda yapande hadi robo tatu ya kijiko cha chai.

Maganda hutengenezwa hivi: yaoshe, yachemshe dakika 10 kuua vijidudu, yaanike yakauke kabisa, yatwange kwenye kinu au uyasage kwenye blenda mpaka yawe laini kama unga wa ngano, uchekeche. Vipande vikali havifai, na vikubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Ganda la yai moja kubwa hutoa karibu kijiko kimoja cha chai, ambacho kina kalsiamu gramu 2 hivi.

Kuzidisha nako ni hasara. Kalsiamu nyingi pamoja na chakula cha nafaka huzuia zinki, na zinki ikipungua utaona magamba na vidonda vikavu kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo. Hutibiwa kama upele mwezi mzima bila nafuu, kumbe dawa iko kwenye sufuria.

Usinunue mchanganyiko wa madini wa kuku ili kumpa mbwa. Baadhi ya vyakula na michanganyiko ya kuku huwa na dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), kama monensini, ambayo kwa mbwa ni sumu ya misuli na moyo. Tafuta vitamini na madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Na unayahitaji kweli: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani mwaka 2013, wakakuta 95 kati ya kila 100 yana upungufu wa angalau kirutubisho kimoja. Sufuria hii nayo, bila nyongeza hiyo, itapungukiwa na zinki na vitamini E na D.

Ini lipewe mara moja kwa wiki, gramu 60 mahali pa nyama. Lina vitamini A nyingi mno kwa kula kila siku.

Unga wa mbwa

Kuna tabia ya kununua mahindi yaliyovunda, au pumba za bei ya kutupa, kwa kuwa ni ya mbwa. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi nayo. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ugonjwa huohuo ulizuka Dodoma na Manyara. Mtu hula mahindi na mengineyo. Mbwa wa ugali hula gunia lilelile mpaka liishe.

Dalili zake ni kukataa chakula, kuzubaa, kutapika, kisha fizi na weupe wa macho kugeuka manjano na kinyesi kuwa cheusi kama lami. Manjano yakishaonekana ini limeharibika sana, na wengi hawaponi. Nunua unga unaoula wewe. Unga wenye uvundo, uchungu au vibonge vya kijani usimpe mbwa wala kuku.

Vya machinjioni

Utumbo, mapupu, bandama na vichwa ni protini ya bei nafuu na nzuri. Viwe vimepikwa tu. Kwenye mapupu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo mara nyingine hukutwa vifuko vyenye maji, vya ukubwa wa harage hadi chungwa. Hao ni watoto wa minyoo tegu. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukomaa utumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi na kunasa kwenye manyoya, na mtoto anayemshika mbwa kisha akala bila kunawa huota vifuko vilevile kwenye ini au mapafu yake. Matibabu mara nyingi ni upasuaji. Turkana imewahi kuwa na maambukizi ya kiwango cha juu kuliko karibu kote duniani, na wafugaji wa Kimaasai nao wameathirika. Ukikuta vifuko, choma au fukia kirefu kipande kizima. Mbwa anayepata vya machinjioni apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kila wiki 6 hadi 8, kwa uzito wake.

Mifupa iliyopikwa usimpe. Ule wa kuku hupasuka ncha kali zinazotoboa utumbo, na ule wa ng'ombe wa supu huvunja meno au hubanana kwenye kinyesi kikawa kama saruji. Vichwa na miguu ya kuku hufaa vikichemshwa kwenye presha mpaka mifupa isagike kati ya vidole viwili. Isiposagika, chambua.

Mabaki ya mezani

Tatizo la mchuzi ni vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa wa kilo 20, kitunguu kimoja cha kiasi, gramu 100 hivi, kinatosha kuleta madhara, na kidogo kidogo cha kila siku hujumlishana. Dalili huja siku 2 hadi 5 baadaye: fizi nyeupe, uchovu, mkojo wa rangi ya chai. Kwa hiyo mtengee nyama yake kabla hujaunga.

Zabibu, mbichi au kavu, zikiwemo za kwenye keki na pilau, zinaweza kuua figo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Chokoleti, hasa nyeusi, na kakao hushambulia moyo. Zailitoli, ile sukari mbadala iliyo kwenye bazoka na baadhi ya siagi za karanga, hushusha sukari ya damu ndani ya saa moja. Kwenye paketi huandikwa pia E967. Makadamia humlegeza miguu ya nyuma, jambo la kuangalia kwa walio karibu na mashamba ya Murang'a na Embu. Unga uliotiwa hamira huumukia tumboni na kutoa pombe humohumo.

Gunzi la mahindi na kokwa la embe si sumu, ila huziba utumbo. Mbwa humeza gunzi la mahindi ya kuchoma kwa sababu lina harufu nzuri, halimeng'enyeki, na siku moja au kumi baadaye anatapika kila anachokula na haji haja. Hapo usimpe mafuta wala maziwa ili lishuke. Mpeleke.

Halafu kuna sikukuu. Baada ya Idi na Krismasi mbwa hupewa ngozi za kuku na mafuta ya nyama kwa wingi ambao hajauzoea, kongosho linavimba, anakunja mgongo kwa maumivu na kutapika. Mafuta hayo yatupwe.

Watoto wa mbwa

Maziwa ya ng'ombe hayakaribii ya mbwa. Ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili na zaidi, na laktosi pungufu, kwa hiyo mtoto wa mbwa anayekuzwa kwa maziwa ya dukani huharisha huku akikonda. Waachishwe kidogo kidogo kuanzia wiki ya 4, si kabla.

Mtoto wa kilo 5 mwenye miezi 3 anahitaji kilokalori 700 hivi kwa siku, karibu mara mbili ya mbwa mzima wa uzito huohuo. Alishwe mara 4 kwa siku mpaka miezi 3, mara 3 mpaka miezi 6, kisha mara 2. Kama uwezo upo, kwa kipindi hiki mnunulie chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, maana kosa la kipimo utotoni halirekebishiki. Kama haupo, badili sufuria: dona gramu 100, dagaa 80, nyama 120, mafuta kijiko kimoja cha chakula, maganda nusu kijiko cha chai. Hiyo ni kilokalori 1,000 hivi. Mpe sehemu ya mahitaji yake, na dagaa wasagwe. Uji mtupu ni maji na wanga.

Mwenye mtoto wa mbwa mkubwa, Boerboel au Rottweiler, asiongeze kalsiamu juu ya chakula cha dukani. Huko inaharibu mifupa kwa kuzidi. Jike mwenye mimba naye asipewe nyongeza ya kalsiamu kabla ya kuzaa, kwani mwili huzoea kupewa na kushindwa kujichotea maziwa yanapoanza. Matokeo yake ni kutetemeka na degedege akiwa ananyonyesha.

Chakula cha dukani

Kikavu kizuri kina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, hivyo wa kilo 20 anatosheka na gramu 290 hivi. Mfuko useme ni chakula kamili, na kwa umri gani. Kilichoandikwa ni cha ziada hakitoshi peke yake. Kinachopimwa kutoka gunia lililofunguliwa dukani mafuta yake yameshaanza kuchacha, na hujui limekaa wazi tangu lini. Kuchanganya nusu kwa nusu kunafaa: gramu 145 za dukani na nusu ya sufuria, na hapo maganda ya mayai acha.

Kubadilisha, na kusoma kinyesi

Badili chakula kwa siku 7: robo mpya kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, robo tatu kwa siku mbili, kisha chote. Baada ya wiki mbili mpime tena, ongeza au punguza asilimia 10.

Kinyesi kizuri kina umbo, kinaokoteka bila kuacha alama chini. Laini na kingi, chenye punje za unga: dona haijaiva au imezidi. Chenye kung'aa kwa mafuta: punguza mafuta nusu. Cheupe, kikavu, kinachovunjika kama chokaa: kalsiamu au mifupa imezidi, ondoa maganda wiki moja uone. Chenye damu, cheusi, au kuharisha kunakozidi siku moja kwa mtoto wa mbwa ni kazi ya daktari siku hiyohiyo. Beba sampuli kwenye mfuko safi na ueleze alichokula siku tatu zilizopita.